Dawa ya saratani kwa asiye na saratani

Gothenburg, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaisha,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya pili nilicheka, pale daktari alipotaka kukuanzishia rituksimabu kwa MS yako, huu ugonjwa wetu wa kinga ya mwili kushambulia ubongo na neva, naye mama akamwambia kuwa mwanawe hana saratani, asimbambikizie dawa ya saratani. Mwambie hiyohiyo rituksimabu ndiyo ninayotundikiwa mimi hapa Sweden kila miezi 6, mwaka wa nne huu.

Hakukosea, mama. Iliidhinishwa kwanza Marekani mwaka 1997 kwa saratani ya limfoma. Kazi yake ni kuua seli B, chembe nyeupe za damu. Kwa mgonjwa wa limfoma seli hizo zimezaana kupita kiasi. Kwetu sisi wa MS zinachochea kinga ya mwili igugune utando wa neva zetu wenyewe. Madaktari wa huku waliilinganisha na vidonge vya dimethili fumarati: katika miaka 2, waliopata shambulio jipya la ugonjwa walikuwa 3 kwa 100 upande wa rituksimabu, 16 kwa 100 upande wa vidonge. Na tangu 2023 Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa MS hasa. Kwa hiyo daktari wako hajabuni kitu.

Ila usiichanganye na zile dripu za siku 3 zilizokurudishia mguu. Zile ni steroidi, zinatuliza shambulio lililokwisha kuja, lijalo hazilizuii. Hii inazuia, lakini kilichoharibika hairudishi. Vidole vyangu vya kushoto vina ganzi mpaka leo.

Mimi nilianza na sindano za interferoni. Siku moja najidunga, moja napumzika, na usiku wa sindano natetemeka kama mwenye malaria. Tuyaache hayo.

Dripu ya kwanza huenda polepole, saa kadhaa. Yangu koo liliwasha, nesi akapunguza mwendo, likatulia. Lakini wasianze kabla ya kukupima homa ya ini B na kifua kikuu, maana dawa hii huweza kuiamsha homa ya ini iliyolala. Chanjo nazo ziulizie sasa. Ukishaanza dawa hazishiki vizuri.

Majibu yakitoka nipigie, hata iwe usiku wa manane. Dripu yangu ijayo ni Alhamisi. Nitampigia mama kwa video nikiwa palepale kitini, aione chupa mwenyewe.

Wako,
Rukia