Kipi si cha kundi? Waulizeni watoto na kwa nini

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mjukuu wangu wa darasa la tatu alinijia na karatasi ya jaribio, kaikunja mara nne. Nilikuwa nimeinama kwenye chanja nageuza dagaa, maana mawingu yalishaanza kujikusanya upande wa Kongo, na dagaa wakilowa bei yake inakuwa ya chakula cha kuku. Akasimama pembeni, hasemi. Mtoto akiwa hivyo, ujue kuna jambo.

Swali la saba liliuliza: kipi si cha kundi hili? Wavu, kasia, karabai, dagaa. Yeye alizungushia kasia. Wino mwekundu ulikandamizwa hadi karatasi ikatoboka. Jibu lililotakiwa ni dagaa, kwa kuwa vile vitatu ni vifaa na dagaa ni kiumbe.

"Kwa nini kasia, babu?" nikamuuliza.

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye wa kusaidiwa. "Si siku hizi wanatumia injini? Kasia la nini? Ila ukitoa dagaa, hivyo vingine vinaenda ziwani kufanya nini?"

(Angesema karabai nayo imepitwa, kwa jinsi taa za sola zilivyojaa hapa Kibirizi, ningemkubalia pia.)

Nakiri kosa langu kwanza. Nimefundisha shule ya msingi miaka 31. Swali hilo nimeliandika ubaoni sijui mara ngapi, na sikumbuki hata siku moja kumwuliza mtoto aliyekosa alikuwa anawaza nini.

Kuna Mrusi mmoja, Alexander Luria, mtaalamu wa saikolojia, aliyekwenda Uzbekistan mwaka 1931 na 1932 akawapa wakulima wasiojua kusoma fumbo la aina hii: nyundo, msumeno, gogo, shoka. Kitabuni, gogo ndilo linalotoka. Wengi walikataa kulitoa. Msumeno unakata gogo, shoka linalipasua. Ukilitupa, vifaa vitafanya kazi gani? Waliokuwa wameonja shule kidogo walilitoa gogo bila taabu. Luria aliona kwamba wakulima wamefungwa na shughuli zao za kila siku. Simpingi moja kwa moja. Kupanga vitu kwa aina ni zawadi kubwa ya shule. Bila hiyo usingeweza kumweleza mtoto wa Ujiji habari za papa wa baharini ambaye hajawahi kumwona. Lakini kupanga kwa kazi nako ni kupanga. Mjukuu wangu hakukosa kundi, alikuwa na kundi lake: vinavyohitajika usiku wa giza ili asubuhi pawe na kitu cha kuanika.

Na Kiswahili chetu kinatuzoesha kupanga kwa zaidi ya njia moja. Kifaru, kwa sura ya neno, ni ndugu wa kiti na kisu. Hata hivyo tunasema "kifaru ameumia" tukimaanisha mnyama, na "kifaru kimeharibika" tukimaanisha kile cha vita. Mtoto wa miaka minne anaweza kukwambia mnyama ameumia, na hakuna aliyemfundisha ngeli.

Vitu vipya navyo mara nyingi huzaliwa pale mtu anapokitoa kitu kwenye kundi lake. Aliyekitoa chandarua kitandani akakipeleka ziwani kuvulia alivuka mpaka wa makundi, ingawa huyo tunamkamata, na tumkamate kweli. Afadhali mfano wa Gombe, hifadhi ya sokwe, mwendo wa boti kutoka hapa nilipo. Mwaka 1960 mtafiti Jane Goodall alimwona sokwe akichomeka unyasi kwenye kichuguu, akiutoa na mchwa wameng'ang'ania, anawala. Wakati huo wataalamu walikuwa wakisema mtengeneza zana ni binadamu peke yake. Louis Leakey, mwanasayansi aliyemtuma Jane huko, alipopelekewa habari alijibu kwamba sasa itabidi tubadili maana ya zana, au maana ya mtu, ama tuwakubali sokwe kuwa watu. Hakumtilia Jane alama ya kosa.

Ombi langu kwa watunga majaribio ni dogo: chini ya swali la namna hii waweke mstari mmoja, "Kwa nini?", na nusu ya alama iwe hapo. Najua kusahihisha kutachukua muda. Nimefundisha darasa la watoto tisini, wala sisemi kwa mzaha. Basi hata swali moja tu katika kumi.

Mvua haikunyesha siku ile. Tulipomaliza kukusanya dagaa, mtoto akaniuliza: likija tena swali hilo kwenye mtihani wa darasa la nne, aandike nini? Nikamwambia aandike dagaa. Akaikunja karatasi yake, akaniuliza mimi mwenyewe ningeandika nini, nami nikajifanya natafuta gunia.

Mwalimu mstaafu,
Kibirizi, Kigoma