Risala ya Klabu ya Usomaji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Vitabu vya Picha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Shule,
Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na wewe Mheshimiwa kwa kukubali mwaliko wetu hapa Mbozi. Tunajua una majukumu mengi. Tunaijua pia barabara uliyopita, maana ndiyo tunayopita kila siku.

Klabu yetu ilianza mwaka 2018 ikiwa na wanafunzi 9 na vitabu vitatu vya picha vinavyohusu anga, tulivyoachiwa na mgeni aliyekuja kutazama Kimondo chetu, pande la chuma lililoanguka hapa kutoka angani. Mengine ya historia yamo kwenye faili, hatutakuchosha.

Mafanikio ni makubwa mno. Wanachama sasa ni 41 na vitabu vimefika 17. Katika mashindano ya kusoma kwa sauti ngazi ya kata tulishika nafasi ya pili kati ya shule zote zilizofika; mvua ilizuia baadhi. Aidha, watoto wametunga kitabu chao wenyewe cha kurasa 12 kwenye karatasi za manila, kinachosimulia safari ya Kimondo kutoka angani hadi shambani kwa babu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, vitabu hivi si vya kupitishia muda. Mtoto wa hapa amezaliwa akalikuta pande lile la chuma la tani zipatazo 16, na siku ya ziara ameligusa kwa mkono wake. Anajua kuna vitu hushuka kutoka juu. Alichokuwa hajui ni kwamba watu nao hupanda. Kitabu cha picha ndicho kilichomwonyesha Neil Armstrong na Buzz Aldrin wakiwa mwezini mwaka 1969, na Mae Jemison, mwanamke wa kwanza Mmarekani Mweusi kufika angani, mwaka 1992. Ukurasa wa Jemison umechakaa kuliko zote kwa vidole vya wasichana. Mmoja wao, wa darasa la nne, amechora roketi yenye gunia la kahawa nyuma. Alipoulizwa gunia la nini, akasema huenda huko juu bei ni nzuri.

Tulipowaeleza kwamba satelaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, hapo kwa jirani zetu Kenya, hawakuamini. Hakuna kitabu chetu chenye picha hiyo.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Vitabu hivyo 17 vinaishi ndani ya sanduku la mbao kwenye stoo, pamoja na majembe na chaki. Mwaka jana mchwa waliingia. Walikula ukurasa wa Zohali wote, pamoja na pete zake. Tangu hapo mtoto wa darasa la tatu akitaja sayari, anatoka Mshtarii anaruka hadi Uranusi, na ukimsahihisha anakufungulia kitabu kuthibitisha.

Wazazi hawakukaa wakisubiri. Walifyatua tofali, wakazichoma, wakajenga boma la maktaba kwa nguvu zao, na fundi akalipwa kwa mahindi. Boma lilifika lenta mwaka 2020. Lipo pale kushoto kwako, ndilo lenye mpapai katikati. Mpapai huo hatukuupanda, na umeshazaa mara mbili.

Kilichobaki ni kupaua: bati 60 za geji 28, mbao za kenchi, misumari na mlango mmoja.

Kwa heshima kubwa tunakumbusha kwamba ombi hili si geni. Mwaka 2021 mgeni rasmi wetu alisimama hapohapo ulipokaa, akaahidi bati zote, tukapiga vigelegele. Mwaka 2023 mgeni mwingine alishangaa kusikia hazijafika, akaahidi kufuatilia, akaongeza na saruji juu yake. Tukapiga vigelegele tena, ingawa si kwa nguvu ileile. Hatumlaumu mtu, tunajua mambo huwa mengi. Ila wanafunzi, ambao ndio wenye maswali, wametuuliza: Kimondo kimetoka angani kikafika Mbozi, bati zinatoka hapo mjini Vwawa tu, zimekwama wapi? Kamati ilikosa jibu, ikaona swali lifikishwe kwako.

Zaidi ya hilo hatuna ombi. Orodha ilikuwa na mambo saba, tukayafuta sita, kusudi asitokee mtu akachagua lililo jepesi.

Mezani mbele yako kuna kaunta buku mpya. Ahadi zilizopita zilitolewa kwa mdomo, na kosa ni letu kwa kutokuwa na daftari. Safari hii tumepiga mistari: jina, kilichoahidiwa, tarehe ya kufika. Kalamu tumeweka mbili, moja ikigoma. Fundi wa kenchi naye yupo, amekaa safu ya nyuma, mwenye kofia ya bluu, na vipimo anavyo.

Tunaomba kuwasilisha.