Plastiki Nyeupe Iliyogeuka Njano Kwenye Bafu la Gari-Nyumba

Wateja wengi wanaotuletea magari-nyumba ya mitumba, yale yenye vitanda, jiko na bafu ndani, hutueleza kwamba wamesugua kuta za bafu kwa kila aina ya sabuni bila mafanikio. Tunawaelewa, kwa kuwa mara nyingi njano hiyo si uchafu ulioganda juu ya plastiki, bali ni plastiki yenyewe iliyobadilika.

Sehemu kubwa ya mabafu haya hutengenezwa kwa plastiki ya ABS, ambayo ndani yake mna chembe za mpira zinazoisaidia kuhimili mtikiso wa safari. Mpira huo ndio unaoshindwa na jua. Miale ya urujuanimno inayopenya dirisha la paa, pamoja na joto la gari lililoegeshwa muda mrefu, huufanya uungane na oksijeni, na hapo ndipo rangi ya njano inapozaliwa. Ukifungua kishikio cha sabuni ukutani, mara nyingi utakuta nyuma yake pamebaki peupe, na ukaguzi huo mdogo ndio tunaoanza nao. Doa linalolainika kwa siki ni chokaa ya maji, na linalotoka kwa sabuni ya vyombo ni mafuta au moshi wa sigara. Hayo hayahitaji fundi.

Tunakuomba sana usitumie jiki wala asetoni. Jiki haiondoi njano hii na inaweza kuidhoofisha plastiki, ilhali asetoni huiyeyusha ABS na kuacha makovu.

Vipande vinavyofunguka, kama vifuniko na rafu, tunavipaka krimu ya haidrojeni peroksaidi ya 12%, ileile inayotumika saluni kwa nywele, kisha tunavifunga kwa nailoni ya kuhifadhia chakula na kuviweka juani kwa saa kadhaa. Hapa ndipo penye kazi: krimu ikikauka mahali pamoja huacha mabaka, kwa hiyo kipande hugeuzwa na krimu husambazwa upya mara kwa mara, kwa glavu na miwani ya kinga, kwani dawa hiyo huunguza ngozi na macho. Hatumfichi mteja kwamba njano inaweza kurudi baada ya muda.

Kwa kuta na beseni la kuogea, ambavyo haviwezi kutolewa na kuanikwa, tunaona rangi ni suluhisho bora zaidi. Tunakwangua silikoni yote ya zamani, kwa kuwa mabaki yake huzuia rangi kushika, tunapiga msasa laini, tunapaka praima ya plastiki, ndipo tunapulizia rangi ya poliyurethani ya kuchanganywa na kigumisho, ambayo mvuke wake ni hatari na haifai kupuliziwa ndani ya gari bila barakoa maalumu na hewa ya kutosha. Beseni likiwa na ufa, tunatazama kwanza chini yake, maana likibonyea unapolikanyaga, ufa utarudi hata ukipakwa rangi nzuri kiasi gani. Hivyo tunaliwekea egemeo kabla ya kuziba.

Kiti cha choo ni habari nyingine. Vingi ni vya polipropilini, plastiki isiyoshika rangi vizuri, na kwa hicho tunamshauri mteja anunue kipya.