Kichupa cha Praima si Kitupu

Mteja anayepokea praima zake (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR, mbinu ya kunakili DNA mara nyingi) kwa mara ya kwanza huanza na swali lilelile: "Mbona kichupa hakina kitu?" Kitu kimo. Praima iliyokaushwa ni utando mwembamba ambao mara nyingine hauonekani kabisa, na mwonekano wake hausemi lolote kuhusu kiasi kilichomo.

Tatizo ni kwamba utando huo ni mwepesi mno. Safarini hubanduka ukanata kwenye kifuniko, nawe ukifungua kwa haraka, unaruka na kupotea. Kwa hiyo tunasisitiza, hata kwa wazoefu: kabla hujafungua, zungusha kichupa kwenye sentrifuji kwa sekunde 30 hivi ili kila kilichomo kishuke chini.

Sasa soma lebo. Tafuta idadi ya nanomoli, uizidishe kwa 10: jibu ndilo mikrolita utakazotia ili kupata ukolezi wa mikromola 100. Praima yenye nanomoli 24.3 inahitaji mikrolita 243. Kila kichupa kina namba yake. Praima ya mbele na ya nyuma zilizoagizwa siku moja hazilingani, na tumeona majaribio mengi yakiyumba kwa sababu mtu alitumia hesabu moja kwa zote mbili.

Utie nini? Maji yasiyo na vimeng'enya vya kukata DNA yanafaa, ila kwa akiba ya muda mrefu sisi tunapendelea bafa ya TE (mmumunyo wa Tris na EDTA unaotunza pH isibadilike) yenye pH 8.0, kwa kuwa maji matupu huelekea kwenye asidi kidogo, na asidi huichakaza DNA polepole. Chagua TE yenye EDTA ya milimola 0.1, si 1. EDTA hushika magnesiamu, na polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA katika PCR, haifanyi kazi bila magnesiamu.

Acha kichupa kwa dakika kumi, kitikise vizuri, kizungushe tena.

Hiyo ni akiba. Usiifungue kila siku. Chukua mikrolita 10 zake, ongeza 90 za maji, upate mikromola 10 za kazi. Mikrolita 1 ya hiyo katika mchanganyiko wa PCR wa mikrolita 25 inakupa mikromola 0.4. Gawa katika vichupa vidogo uvigandishe kwenye nyuzi -20, na kila kimoja kiandikwe jina la praima, ukolezi na tarehe kabla hakijaingia kwenye friza.