Aliyenivunjia nyumba aruhusiwe kutoka

Bwana Mhariri,

Nilivunjiwa nyumba yangu ya Katuba usiku wa mvua, miaka mitatu iliyopita. Waling'oa mlango wa nyuma pamoja na fremu yake, wakachukua televisheni, gunia la unga na cherehani ya kukanyaga niliyokuwa nikishonea sare za wanafunzi tangu nilipoacha kufundisha. Mimi nilikuwa chumbani na wajukuu wawili, nimewaziba midomo kwa viganja vyangu. Hadi leo paka akipita juu ya mabati ninaamka na kukaa kitandani mpaka kukuche. Naanza na haya ili mtu asidhani kwamba sijui uchungu wa kuibiwa.

Mmoja wao alikamatwa. Ni mtoto wa jirani, nilimfundisha darasa la tatu. Mahakama ilimpa miaka sita. Sheria yetu ya adhabu hapa Kongo, ya tarehe 30 Januari 1940, inaweka miaka mitano kuwa kikomo kwa wizi usio na nguvu wala vitisho, lakini mwizi akivunja mlango, akiparamia ukuta, akitumia funguo bandia au akiingia usiku katika nyumba wanamokaa watu, kifungo kinaweza kufika miaka kumi. Sheria hiyohiyo inaruhusu mfungwa kuachiliwa kwa masharti akimaliza robo ya kifungo, mradi amekaa ndani zaidi ya miezi mitatu.

Sasa kila nyumba inapovunjwa mtaani kwetu nasikia watu, hata wazee wenzangu wa kanisani, wakitaka robo hiyo ifutwe kwa wavunja nyumba. Wakae hadi siku ya mwisho, wanasema. Hasira yao ninayo mimi pia. Ila sijamsikia hata mmoja akiuliza ni nani atakayelipa.

Mimi nimehesabu, kwa kuwa anayelipa anakaa upande wa pili wa ukuta wangu. Mama wa kijana huyo anauza makaa. Kila Alhamisi na kila Jumapili anasonga bukari, yaani ugali, anaifunga kwa kitambaa pamoja na sombe, mboga ya majani ya muhogo, anapanda basi hadi mjini, anapanda jingine hadi gereza la Kasapa, na kurudi vilevile. Mle ndani kuna vungule, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na kijana asiyeletewa chakula na ndugu anakonda mpaka humtambui. Meka mbili, yaani vipimo viwili vya sokoni, vya unga kila wiki vinatoka katika nyumba ile kwenda gerezani, na wanaobaki wanakula mara moja kwa siku. Mwaka jana binti yake mdogo aliacha shule kwa kukosa ada. Alikuwa mtoto mwepesi wa hesabu, nami niliumia kana kwamba ni wangu. Hakuna daftari la serikali lililoandika gharama hiyo.

Gereza la Kasapa lilijengwa kwa watu mia nane hivi, na limekuwa likibeba zaidi ya mara mbili ya hao. Mwezi Septemba 2020 wafungwa waliasi, moto ukawaka, na wanawake waliofungwa mle wakabakwa. Kule Makala, gereza kuu la Kinshasa, usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024 wafungwa walijaribu kutoroka, na serikali ilihesabu maiti 129, wengi wao wakiwa wamekanyagana na kukosa hewa. Tukiwaongezea miaka wavunja nyumba wote, tunawalaza juu ya sakafu hiyohiyo, kando ya wengi ambao hata hawajahukumiwa.

Huko Marekani, katika majimbo mengi, mswada wa kubadilisha adhabu hufika mbele ya wabunge ukiwa na karatasi ya hesabu: wafungwa wangapi wataongezeka, na walipa kodi watatoa kiasi gani. California, ambako sheria humnyima aliyevunja nyumba ya watu nafasi ya kutumikia adhabu nje isipokuwa katika hali za pekee, mfungwa mmoja hugharimu zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka. Wao angalau wanaijua bei. Nawaomba wabunge wetu, kabla ya kugusa robo hiyo, watuletee karatasi kama hiyo, na bukari ya mama iandikwe humo.

Na kuna deni langu. Mahakama iliagiza nilipwe cherehani na mlango. Sijapata hata franka moja, na sitapata huyu akiwa ndani. Ni fundi wa kujenga kwa matofali, mikono yake ni mizuri, na Katuba inajengwa kila siku. Nataka atoke, afanye kazi, anilipe kidogokidogo kila mwezi. Nataka pia kila wiki aende kwenye ofisi ya komine yetu, yaani manispaa, mbele ya mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, anayejua anakolala na anakofanya kazi, na akikiuka masharti arudishwe Kasapa siku hiyohiyo. Mtu huyo simwoni, na hapo ndipo ninapoogopa. Mshahara wake ndio gharama ambayo mimi ningekubali kuilipia kodi.

Jirani yangu alikuja Jumamosi jioni akiwa na karatasi na kalamu, akasimama mlangoni bila kusema. Nimeandika kwamba mimi niliyeibiwa sipingi mwanawe kuachiliwa kwa masharti, nikatia sahihi. Aliipeleka Jumapili pamoja na chakula.

Mwalimu mstaafu,
Katuba, Lubumbashi