Barua kutoka AlUla

Rafiki yangu Salma,

Asalaam aleikum. Umra imekwisha salama, alhamdulillahi, na salamu zako nimezifikisha Madina. Sasa nikupe habari ya Al-Hijr, ule mji wa kale wa makaburi ya mawe hapa AlUla, Saudia, maana najua hiyo ndiyo unayoingoja.

Mama kakataa kwenda. "Mtume alipopita pale safari ya Tabuk alijifunika kichwa akaenda mbio, mimi niende kupiga picha?" Kabaki hotelini na tasbihi yake. Nimekwenda na binamu, moyo ukinidunda, kwani tangu chuo cha Kurani pale mimi napajua kwa Thamud, kaumu iliyoangamizwa kwa kumuua ngamia wa Nabii Swaleh.

Basi linakushusha mchangani, mara unaona jabali lina mlango! Nguzo, nakshi, hata ndege juu ya kizingiti, vyote jiwe moja. Makaburi ni 111, na 94 yamenakshiwa. Moja, Qasr al-Farid, limesimama peke yake na halikumalizwa: juu limenyooka, chini bado jabali halijachongwa. Kumbe mafundi walikuwa wanaanzia juu wakichonga kushuka.

Mtembezaji alisema hayo si ya Thamud, ni ya Wanabati, Waarabu wa kale wa kama miaka 2000 iliyopita. Akatusomea tafsiri ya maandishi ya kaburi la mwanamke, Kamkam binti Wailat. Kalijenga yeye na bintiye, kwa ajili yao na kizazi chao. Atakayeliuza, kulinunua, kuliweka rehani au kuzika humo mtu baki, alaaniwe, tena atozwe faini sela 1000, sarafu za zama hizo. Katika miungu aliyoiita kulaani yumo Manat, yule mungu wa kike wa Waarabu kabla ya Uislamu, yule yule wa Suratun-Najm. Nywele zilinisimama.

Halafu nikacheka peke yangu. Nilikumbuka nyumba ya marehemu bibi yako pale Tanga. Laiti angeandika hivyo mlangoni, wajomba zako wangekuwa wanafikishana mahakamani hadi leo?

Ingawa Kamkam naye, na laana zake zote, sijui zilimfaa nini. Makaburi yale ni matupu: vishubaka vya kulazia maiti, na mchanga.

Hadithi inasema usiingie ila unalia. Nilijaribu, Salma, chozi halikutoka, basi nikachungulia tu nikiwa nje. Mama aliponiuliza nikamwambia sikuingia.

"Na picha?"

Nikanyamaza. Nitakuonyesha nikirudi, ila usije ukamwambia. Tende za ajwa zako nimeshanunua.

Wako,
Mwanaidi