Mpwa wangu, mashine ya risasi sikuletei

Mhariri,

Mpwa wangu wa Moshi ana bastola ya kulindia duka, na kibali chake anacho. Amenipigia mara tatu sasa: "Mjomba, ukija Desemba niletee ile mashine yako ya kujazia risasi." Nimemkatalia kwenye simu, hasikii. Gazeti lenu halimpiti, basi namjibu humu na wenzake wasome.

Nilianza kujaza risasi hapa Columbus, Ohio, mwaka 2020, zilipoadimika madukani na sisi wa kulenga shabaha Jumamosi tukabaki na bastola tupu. Jirani yangu, mzee mstaafu, akaniita gereji kwake. Miezi miwili hakuniruhusu kugusa baruti. Kazi yangu ilikuwa kuokota maganda, kuyasafisha, na kuyakagua moja moja kama yamepasuka mdomoni. Ukitazama, jambo lenyewe ni dogo: ganda lililotumika hubanwa lirudie umbo lake, hupachikwa fataki mpya kitakoni (ndiyo huwasha baruti), hutiwa baruti, kisha kichwa, kile kinachoruka. Shida iko kwenye baruti. Hupimwa kwa greni, na greni 7,000 ndiyo ratili moja. Kwa bastola yangu ya milimita 9, kipimo hakifiki nusu ya ganda. Ukijisahau ukatia mara mbili, cha pili kinaingia bila kulalamika, na bastola inaweza kukupasukia mkononi.

Mimi nilikosea kwa upande wa pili. Jioni moja simu iliita (alikuwa huyu huyu mpwa, na habari za ada ya mtoto) nikaacha kazi katikati. Niliporudi nikapachika kichwa kwenye ganda lisilo na baruti. Jumamosi uwanjani, badala ya "paa!" nikasikia "tip". Fataki peke yake ilikuwa imekisukuma kichwa kikakwama ndani ya mtutu. Nilishavuta bastola kupandisha risasi ya pili, kidole kiko njiani, mzee akanidaka kifundo cha mkono. Ningefyatua, mtutu ungefumuka. Tangu siku ile simu yangu hulala sebuleni.

Halafu kuna sumu. Kiswahili chetu kimeyapa jina moja madini ya risasi na risasi ya bastola, na vumbi la madini hayo ndilo linaloharibu akili za watoto. Mke wangu hataki kuiona shati ya gereji jikoni, wala isifuliwe pamoja na nguo za wanetu. Ana haki.

Na sheria je? Huku anayejijazia mwenyewe hadaiwi leseni ya shirikisho. Akiuza, leseni ni lazima. Kwetu Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mimi sina hamu ya kusimama pale uwanja wa ndege wa KIA nikijieleza kuhusu mzigo wangu.

Risasi nunua dukani, mpwa, kwa kibali chako. Mimi Desemba nakuletea viatu. Nitumie namba ya mguu.

Mjombako,
Columbus, Ohio, Marekani